Shunpei Alivyojifunza Kunyamaza

Mama mwenzangu, kama una binti anayechora katuni za mapenzi, au una kijana anayezisoma, kaa kidogo nikueleze. Shule yangu mimi ni ndogo, niliitoka mapema nikaingia kiwanda cha soksi, kwa hiyo usitegemee maneno ya mapambo. Nitaandika kama ninavyosema, na nitasema nilichokiona kwa macho yangu.

Binti yangu anaitwa Kozue. Anachora hadithi fupi kwenye gazeti la katuni linalotoka kila mwezi, zile za vijana wa Tokyo wanaopendana. Msichana wa ofisini, mvulana wa duka la kahawa, wanatazamana kurasa thelathini, mwisho wanagusana vidole, basi, imekwisha. Wasichana wanazisoma ndani ya treni huku wakijifuta machozi kwa mikono ya sweta. Mhariri wake, Bwana Kuramochi, akipiga simu anamwita "Mwalimu". Mwalimu Kozue! Mtoto ambaye godoro lake linashinda limetandazwa sakafuni mpaka jioni, amfundishe nani, na amfundishe nini? Lakini ndivyo wachora katuni wanavyoitwa hapa, na yeye jina limemkolea. Akisikia "Mwalimu" mgongo unanyooka wenyewe.

Tunaishi wawili tu, mtaa wa Koenji hapa Tokyo, juu ya duka la fundi wa baiskeli. Kuta zetu ni mbao nyembamba. Jirani yetu Bi Tokue akipiga chafya, mimi huku ndiye ninayemwambia pole. Asubuhi nakwenda kukaanga samaki kwenye jiko linalouza maboksi ya chakula cha mchana karibu na stesheni, na huko ndiko alikotokea Shunpei.

Shunpei alikuwa fundi wa lifti wa kampuni moja kubwa. Kila mchana alikuja na ovaroli lake la buluu, nywele fupi kama brashi, na mdomo usiopumzika.

"Mama, huyu samaki wa leo ana sura ya hasira. Umemfanya nini?"

"Nimemwambia wewe ndiye utakayemla."

"Basi ana haki. Nipe wawili, wafarijiane."

Siku moja Kozue alikuja jikoni kuchukua ufunguo wangu, maana wake alikuwa ameupoteza tena. Shunpei akamtazama, akasema mbele ya foleni nzima, "Dada, una wino puani." Kozue akajifuta, wino ukaenea mpaka shavuni. Kijana alicheka hadi akaangusha vijiti vyake vya kulia. Kisha akavua kofia akainama akaomba radhi, na kabla hajamaliza kuomba radhi akamwalika kula tambi Jumapili.

Basi zikaanza Jumapili. Binti yangu alirudi kila mara mwekundu kama amechemshwa. "Amesema nini leo?" namwuliza. "Amesema nikila natoa sauti nzuri, Mama." Sasa hiyo ni sifa? Lakini alikuwa anatabasamu mpaka kwenye beseni la kuogea.

Hapo sharti uelewe jambo moja la watu wetu. Kwetu, mvulana na msichana wanaweza kula pamoja Jumapili zote za mwaka, wakashikiana mwamvuli, wakanunuliana soksi. Bado si wapenzi. Mpaka mmoja wao asimame wima, amtazame mwenzake na kusema waziwazi, "Nakupenda, tafadhali tuwe pamoja." Kabla ya hapo ni watu wawili wenye njaa. Kozue alikuwa anayasubiri maneno hayo, na mimi nilikuwa nayasubiri kuliko yeye, kwa sababu umri unakwenda na mchora katuni nani atamwoa, analala mchana na vidole vyake vyeusi. Na Shunpei alikuwa karibu kabisa kusema. Nilimwona kwenye foleni, anafungua mdomo, anaufunga.

Ndipo Kozue, kwa furaha yake, akamchora.

Alichora hadithi ya fundi wa lifti mwenye domo, anayesema kila kinachomjia kichwani. Nilicheka mpaka nikaunguza wali. Akampelekea Bwana Kuramochi. Simu ikaja, na kuta zetu unazijua, na sauti yake inapasua simu, nilisikia yote.

"Mwalimu," Bwana Kuramochi akasema, "huyu mwanaume anasema kila kitu. Msomaji atalala. Mwanaume akishasema nakupenda, gazeti linafungwa. Mnyamazishe. Mpe nywele ndefu zifunike jicho moja. Mtie mikono mfukoni. Amwumize msichana kidogo, asieleze kwa nini."

"Lakini huyu si mtu wa namna hiyo," Kozue akasema.

"Ndiyo maana hauziki, Mwalimu."

Binti yangu akakaa akamfuta Shunpei kwa kifutio, nakwambia kweli, nilikuwepo. Akamwotesha nywele, akamtoa ovaroli akamvika koti refu jeusi. Mimi ndiye niliyelijaza hilo koti wino, maana hana uwezo wa kulipa msaidizi. Mwanaume mpya alikuwa hasemi. Alichelewa, hakuomba radhi. Alimbana msichana ukutani, akaupiga ukuta kwa kiganja, paa!, akamtazama kama anayesoma mita ya umeme, akaondoka. Upuuzi mtupu. Wasomaji walituma kadi zao za kuipigia kura hadithi waliyoipenda, magunia kwa magunia. Hadithi ikashika nafasi ya kwanza, na Bwana Kuramochi akataka nyingine, na nyingine.

Shunpei akalinunua gazeti. Akaja nalo jikoni limekunjwa ndani ya ovaroli.

"Mama," akanong'ona, "huyu ndiye mwanaume anayempenda Kozue?"

"Hiyo ni kazi, baba. Mimi nakaanga samaki kila siku, unadhani naota samaki?"

Akacheka. Lakini nilimwona akilitazama lile jicho lililofunikwa na nywele, anajigusa kichwa chake cha brashi. Ningemnyang'anya lile gazeti pale pale nikalifungia samaki, leo nisingekuwa naandika haya.

Kwanza akaacha kunyoa nywele. Kisha akaacha kutania samaki. Anakuja, mikono mfukoni, anasema "boksi moja" kwa sauti ya mtu mwenye kikohozi, anatazama dirishani. Wanawake wenzangu jikoni wakaniuliza kama amefiwa. Jumapili akaanza kuchelewa makusudi. Alikuwa anajificha nyuma ya duka la dawa akitazama saa! Bi Tokue alimwona huko akaniambia. Kozue anamngojea mlango wa stesheni, na yeye yuko hatua chache, anajichelewesha.

Siku moja alikuja kwetu, Kozue akiwa anaanika nguo. Nilikuwa nakata kabichi. Ghafla akamsogelea, akamrudisha nyuma mpaka ukutani, akainua mkono. Paa!

Ukuta wetu si ukuta wa katuni. Upande wa pili kikasikika kitu kizito kimeanguka, na Bi Tokue akapiga kelele, "Nani amekufa?"

"Hakuna, Bi Tokue!" nikajibu. "Ni mapenzi!"

"Basi wapendane taratibu, saa yangu imevunjika!"

Kozue alimtazama yule kijana, shati bichi bado mikononi. "Shunpei, unaumwa?" Na nakwambia, alikuwa anaumwa, kiganja kilikuwa kinavimba na machozi yako tayari. Lakini mwanaume wa katuni haelezi. Akageuka akaondoka bila kuaga, akavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nikamsikia akiteremka ngazi akisema, "Uwi, uwi, uwi."

"Amenichoka," Kozue akasema.

"Hajakuchoka. Anamwiga yule mwanaume wako wa katuni. Anafanya yale unayochora."

"Mama, hakuna mtu mzima mwenye akili zake anayeiga katuni."

Hebu mwone! Yeye ndiye anayeziuza. Nikamwambia, "Basi mwambie wewe. Sema wewe nakupenda, yaishe." Akasema, "Nimwambie, na amekuwa baridi namna hii? Akinikataa je?" Nikaenda kwa yule mwingine jikoni, nikamwambia, "Kata nywele, mwambie binti yangu unampenda." Akasema, "Mama, wewe ni wa zamani. Nikisema, atafunga kitabu." Maneno yale yale ya Bwana Kuramochi, na hawajawahi hata kuonana. Unaona hatari ya hayo magazeti? Nilikuwa nazungumza na watu wawili, kila mmoja anampenda mwenzake, na wote wanamsikiliza mtu wa tatu.

Yakaja majira ya kuchipua, wakati kampuni zinapohamisha watu wao. Shunpei akaja jikoni na boksi la maandazi ya maharage matamu, akawagawia wanawake wote, akainama. Anahamishiwa Fukuoka, mji ulio mbali sana. Anaondoka Jumapili, treni ya saa sita mchana.

Nikamvuta kando kwa mkono wa ovaroli. "Kozue anajua?"

"Hapana, Mama. Usimwambie. Kwenye hadithi ya mwezi uliopita yule mwanaume wa koti anaondoka bila kusema, na msichana anajua mwenyewe moyoni, anakimbia mpaka stesheni."

"Alijua moyoni kwa sababu Kozue alimchora ajue! Kalamu ndiyo iliyomwambia!"

"Akija, nitasema," akanong'ona, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaliona lile jicho la pili. "Naapa, Mama. Akija stesheni, nitayasema yale maneno."

"Nitamwambia kabla hujafika kona," nikasema, na nilimwambia siku hiyo hiyo.

Kozue alikuwa anakata zile karatasi za vivuli anazobandika kwenye michoro. Kisu kikasimama. "Amekuambia wewe," akasema. "Mimi hakuniambia."

"Anataka uende. Ukienda atasema."

"Nikienda mimi ni nani kwake, Mama? Hajasema. Mtu ambaye hajaambiwa anakimbiliaje stesheni? Watu watanicheka."

Jumapili ikafika. Na Jumapili hiyo hiyo ndiyo michoro ilikuwa inatakiwa kwa Bwana Kuramochi. Najua utadhani natunga, lakini ukurasa uliokuwa mezani ulikuwa wa mwendelezo wa hadithi hiyo, msichana anayekimbia kwenye jukwaa la stesheni, nywele zinapepea, mdomo wazi. Binti yangu alikuwa ameinama juu yake, anachora mistari ya mwendo mmoja mmoja kwa rula.

"Weka kalamu chini," nikasema. "Viatu viko mlangoni."

"Namalizia ukurasa huu tu."

"Yule wa kwenye karatasi hana anakokwenda! Wewe ndiye mwenye treni ya kuwahi!"

"Mama, ukinisukuma mkono naharibu mguu wake."

Nikautazama ule mguu. Mzuri, mrefu, unaelea hewani. Nikatazama miguu ya binti yangu chini ya meza, imekunjwa, soksi moja imetoboka, haina hata dalili ya kuinuka. Nikavaa ndala zangu za jikoni, nikatoka na aproni yangu, vidole vyeusi kwa wino. Kama lazima mtu akimbie, basi nitakimbia mimi.

Nilipofika stesheni kuu nilinunua ile tiketi ya kuingilia jukwaani tu, ya wasiosafiri. Nikapanda ngazi nikihema kama pasi ya mvuke. Nikamwona. Amesimama upande, koti refu jeusi jipya, mikono mfukoni, nywele zimefunika jicho, anatazama kule reli zinakopotelea, mgongo ameuelekeza kwenye ngazi. Kila abiria anampisha. Mtoto mmoja alimwuliza mama yake kama huyo mjomba amepotea.

Nikakimbia. Ndala zangu zinapiga sakafu, pwata pwata pwata. Akasikia. Hakugeuka, kwa sababu wale wa kwenye katuni hawageuki. Mabega yakapanda, akavuta pumzi, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza chai akasema:

"Nakupenda. Nimekupenda tangu siku ile ya wino puani. Nimechoka kunyamaza, kunyamaza kunaniumiza kifua. Tafadhali, tuwe pamoja."

Bibi mmoja akaanza kupiga makofi.

"Nimesikia, baba," nikasema. "Sasa geuka."

Akageuka. Sijawahi kuona uso ukibadilika rangi mara nyingi hivyo kwa wakati mmoja. "Mama?" Akatazama nyuma yangu, kwenye ngazi. Hakuna mtu. "Hakuja?"

"Anachora. Mpigie simu, upesi, useme hivyo hivyo ulivyosema."

Akapiga. Simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Nilijua nani yuko upande wa pili, anamwita Mwalimu. Milango ya treni ikafunguka.

"Usipande," nikasema. "Treni zipo tele. Twende nyumbani."

"Mkuu wa tawi ananipokea stesheni, Mama. Ofisi nzima itakuwa imejipanga."

"Wajipange mpaka waote mizizi!"

Lakini huyo ni kijana wa kampuni, na ofisi ikishajipanga, basi. Akapanda. Akasimama mlangoni, akazisukuma nywele nyuma kwa mikono miwili, macho yote mawili nje. "Mwambie nasubiri simu yake. Apige tu. Nitasema tena, na safari hii simpi mgongo." Mlango ukajifunga.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Kozue neno kwa neno. Wino puani, kifua kinachouma, tafadhali tuwe pamoja, simu. Sikuacha hata bibi wa makofi. Binti yangu akalia. Machozi yalitoka kwelikweli, na alipoona yanaelekea kwenye karatasi akaisogeza kando isilowe.

"Alisema akiwa amekupa mgongo?" akauliza.

"Amenipa mgongo, kama nguzo."

"Na mikono ilikuwa mfukoni?"

"Kozue. Piga simu."

"Napiga, Mama. Nimalizie hii. Ukurasa wa mwisho ulikuwa haujapata maneno." Na mkono ukaanza kwenda.

Alimaliza, akalala kama aliyezimwa. Kesho yake akasema amechelewa, ataanzaje kuongea? Keshokutwa akasema amepata wazo: hadithi ikitoka Shunpei ataisoma, na mwisho wake msichana anajibu "Ndiyo". Hilo ndilo litakuwa jibu lake, zuri kuliko la simu. Nikamwambia, mtu amesema anasubiri simu, wewe unamtumia gazeti? Akasema sielewi sanaa. Kweli, sielewi.

Gazeti likatoka. Nafasi ya kwanza tena. Wasichana wa nchi nzima wakalilia wino puani. Shunpei akanipigia mimi, jikoni, wakati wa foleni.

"Mama, nimesoma." Sauti ilikuwa yake ya zamani, ila imepungua kitu. "Aliniandikia mimi, au aliwaandikia wasomaji?"

"Amekuandikia wewe, baba. Msichana amesema ndiyo."

"Kama ni mimi, mbona nimelipia dukani kama kila mtu?"

Nikamwambia Kozue jioni. Akapiga simu siku hiyo, mwenyewe, bila kusukumwa, akapiga na siku zilizofuata. Haikupokelewa.

Mwaka mpya ukaja na kadi zake. Kati ya kadi za wenzangu wa jikoni na ya fundi wa baiskeli ilikuwemo moja kutoka Fukuoka, imeandikwa jina langu. Picha: Shunpei, nywele za brashi, amecheka mpaka fizi, pembeni yake mwanamke wa mashavu manene aliyevaa ovaroli kama lake. Chini ameandika, "Mama, tumeoana. Yeye ndiye aliyesema kwanza, mdomo umejaa tambi. Samaki wa huku hawana hasira."

Kozue akaichukua. Akaitazama. "Amenyoa," akasema. Akaiweka mezani kwa uangalifu, akaingia bafuni akafungua maji. Maji yakamwagika, yakamwagika, na chini ya maji niliisikia sauti nyingine, kwa sababu kuta zetu ni zile zile. Bi Tokue naye alisikia, alizima redio yake.

Nilisimama nje ya mlango wa bafu sijui nigonge au nisigonge, simu ikalia. Bwana Kuramochi, kututakia mwaka mwema.

"Mwalimu yupo? Wasomaji wanadai harusi ya wale wawili wa stesheni. Nahitaji kurasa haraka."

"Mwalimu analia," nikasema.

Kisha akasema kwa furaha, kama mtu aliyeletewa zawadi, "Vizuri sana! Mwambie asijifute kwanza, aende mezani."

Nikachomoa waya wa simu ukutani, nikauweka mfukoni mwa aproni. Halafu nikagonga mlango wa bafu, nikaingia na taulo.